Mawifi wamelipia ukumbi wa akika, mama mkwe ana jina lake, mume anasema "tutaona"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Tanga, nina miaka 27, nimejifungua mtoto wa kiume, uzao wangu wa kwanza. Nilijifungua kwa upasuaji, na mtoto akazuiwa hospitali kwa ajili ya manjano, kwa hiyo siku ya saba ilitukuta bado tuko wodini. Akika haikufanyika, mbuzi wa mtoto hakuchinjwa, nywele hazikunyolewa, na jina ndilo lililoleta maneno yote haya.

Tangu mimba haijaonekana vizuri, mimi na mume wangu (nimwite Salim, majina yote nimeyabadilisha) tulikubaliana mtoto wa kiume ataitwa Naufal. Baba mkwe wangu, Mzee Omari, alifariki mwaka jana kabla hatujajua kama nina mimba. Siku tuliyotoka hospitali mama mkwe alimpokea mtoto mlangoni akamwambia, "Karibu nyumbani, mume wangu." Nikacheka, utani wa bibi na mjukuu tumeukuta. Kumbe mwenzangu hakuwa anatania. Kila mgeni anayeingia anaambiwa Omari karudi. Majirani wakiniletea uji wanauliza, "Omari kalala?" Nikisema Naufal, mama mkwe anageuza mazungumzo. Nikimuuliza Salim ananiambia "tutaona". Mama yake akimuuliza, anajibu "sawa mama". Juzi usiku nimemsikia sebuleni akimbembeleza mtoto, anamwita "mzee wangu".

La pili ni mawifi. Wifi yangu mkubwa amefungua kundi la WhatsApp linaitwa "Arobaini ya Prince Omari". Mchango ni shilingi 50,000 kwa kichwa, sare ya kitenge kila mtu ajinunulie. Ukumbi umeshalipiwa kianzio. Kuna mshereheshaji, mpiga picha, keki ya ghorofa mbili, na mimi nimepangiwa kubadilisha nguo mara tatu wakati mshono bado unaniuma nikiinama kumtoa mtoto kitandani. Picha za mwanangu zimo humo kundini, sikuombwa. Kitakachopungua atamalizia Salim, na mbuzi ni juu yake pia. Salim ni fundi umeme wa kuitwa, leo ana kazi kesho hana, na gharama za hospitali zimemmaliza. Sasa anafikiria kukopa kikoba.

Nilipopendekeza tuchinje mbuzi mmoja, tusome maulidi hapa nyumbani, yaishe, mama mkwe alisema mtoto asiyefanyiwa akika yuko rehani, na kwamba mbuzi mmoja ni wa mtoto wa kike, nisimfanye mjukuu wake nusu mtu. Nililia hadi maziwa yakakata jioni ile.

Mama yangu mzazi ananiambia ninyamaze, hiyo ni nyumba ya watu. Na wenzangu wa kazini, ambao wengi ni Wakristo, wananiuliza tarehe na waje na nini, lakini wifi anasema akika si mahali pao.

Arobaini haiko mbali. Je, nimchukue mwanangu niende kwa mama Muheza mpaka ipite? Au mimi ndiye ninayewaharibia watu furaha?

Mama Naufal (au Mama Omari, sijui tena), Tanga

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi. Mungu akukuzie.

Muheza usiende. Ukiondoka sasa, jina litapitishwa ukiwa haupo, ukumbi utasherehekewa na wenye kitenge, na utakaporudi utakuwa wewe ndiye uliyekimbia. Mama yako kasema kweli kwamba hiyo ni nyumba ya watu, ila nawe sasa umezaa ndani yake, humo si mgeni tena.

Nianze na mbuzi, kwa sababu ndilo jambo lililokuliza na ndilo jepesi kuliko yote. Akika ni sunna iliyotiliwa mkazo kwa mwenye uwezo. Hiyo hadithi ya rehani ipo, imepokewa na Samura, sahaba wa Mtume, na inasema mtoto huchinjiwa siku ya saba, akanyolewa na akapewa jina. Lakini haikuja kumtia mtu madeni. Asiyekuwa nacho hadaiwi, na kukopa kikoba chenye riba ili kutimiza sunna ni kuingia kwenye haramu kwa kutafuta thawabu. Mwambie Salim hivyo hivyo.

Idadi: mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana ndivyo ilivyopokewa, na ndiyo bora. Mmoja kwa mvulana anatosha kwa aliyebanwa. Imepokewa kuwa Mtume aliwachinjia wajukuu zake Hasan na Husein kondoo mmoja mmoja, ingawa ipo riwaya nyingine inayotaja wawili wawili, na madhehebu ya Malik yanamtosheleza mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, kwa mnyama mmoja. Kwa hiyo hakuna mjukuu aliyefanywa nusu. Tena ona ni nani aliyechinja pale: babu. Mama mkwe wako akitaka mbuzi wa pili, njia iko wazi, amtoe yeye kwa ajili ya mjukuu wake, na baba wa mtoto aridhie. Usimwambie kwa kumkomoa. Mwambie kwa adabu, kupitia kwa Salim, na usishangae akifurahi. Wajane wengi hawana hamu ya kutumbuizwa, wana hamu ya kuachiwa jambo la kufanya.

Siku ya saba kupita haijaharibu kitu. Wapo wanaosema ya kumi na nne, kisha ya ishirini na moja. Kwa Imamu Shafi, ambaye wengi wa pwani ndio tunaomfuata, mlango uko wazi mpaka mtoto abaleghe. Hiyo arobaini haina uhusiano na akika kidini. Ni siku yako wewe, ya kumaliza uzazi na kutoka nje. Watu wameziunganisha kwa sababu ya kubana matumizi, na si vibaya, ila mtu asikutishe kuwa bila tarehe ile akika haipo.

Sasa jina. Hapa nitakaa kidogo, na huenda usinipende.

Umeandika kwamba Salim anajibu "tutaona" kwako na "sawa mama" kwa mama yake, halafu usiku, akidhani umelala, anamwita mtoto "mzee wangu". Mwanangu, mimi sioni mwanamume anayemwogopa mama yake. Naona kijana aliyefiwa na baba mwaka jana, akapata mtoto wa kiume, na anatamani jina la baba yake lirudi ndani ya nyumba. Lakini alikwisha kukuahidi Naufal kabla hajajua atajisikiaje siku atakapompakata mtoto, na hajui atalivunjaje hilo agano bila kukuumiza. Pengine nimekosea. Njia ya kujua ni moja: siku mama hayupo, mtoto amelala, muulize, "Tuseme mimi sina ninalotaka, mama naye hana analotaka. Wewe baba yake ungemwita nani?" Ukishauliza, nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Akisema Naufal kwa moyo wake, basi kazi ya kumwambia mama ni yake, si yako, na aifanye mwenyewe, peke yake, uso kwa uso, si kwa simu. Na aende na jambo moja mkononi ambalo kwa joto la ugomvi nyote mmelisahau. Huku kwetu mtoto huandikwa jina lake, la baba, na la babu. Naufal Salim Omari. Mzee Omari yumo kwenye cheti hata mkilala usingizi, na mwalimu atakapoita majina darasani atamtaja. Mama akilisikia hilo kutoka kinywani mwa mwanawe, litamwingia kuliko likitoka kwako.

Akisema Omari, mimi ningelegeza. Najua ulilichagua jina lako na ukalizoea tumboni. Lakini Omari Salim Omari ni jina ambalo pwani nzima inajua kulisoma: kijana wa kwanza kapewa jina la babu yake. Na katika dini lina mfano mzuri kabisa. Mtume alipopata mtoto wa kiume usiku, alisema amempa jina la baba yake, Ibrahim, yaani babu yake wa kale Nabii Ibrahim. Hakungoja hata siku ya saba. Anayekuomba jina ni mwanamke aliyezika mume, na ukimtoa mbuzi wa pili, hajakuomba kingine. Hicho kingine chote kimetoka kwa binti zake.

Ninachojua kitakusumbua ni ulimi. Mkwe ulimwita baba, jina lake ulikuwa hulitamki, na leo ulitamke ukimkemea mtoto aliyemwaga maji? Nyumba nyingi zimepita hapo. Humwita mtoto Babu, au Mzee, au Baba Mdogo, na mama anabaki na jina lake la kumbembelezea. Wewe utabaki na Naufal chumbani kwako mpaka aoe, na hakuna atakayekunyang'anya. Sharti langu ni moja tu: kwenye karatasi jina liwe moja. Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, madrasa, shule, zote zilingane herufi kwa herufi. Nimeona watu wazima wakihangaika na viapo vya mahakamani kwa sababu bibi aliandikisha hivi na mama akaandikisha vile. Sheria inataka uzazi usajiliwe ndani ya siku 90, hivyo mna muda, lakini malizeni mazungumzo kwanza ndipo mwende na tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali. Usiende kimyakimya peke yako ukaandikishe la kwako. Hilo ndilo kosa ambalo mama mkwe hatalisahau.

Tuje kwenye ukumbi, na hapa sitakuambia ulegeze.

Wewe wifi yako unamwona mpenda makuu. Huenda ndivyo. Lakini jiulize amechangia shughuli ngapi za watu: harusi, maulidi, arobaini, siku za kuzaliwa za watoto wasiojua kuongea. Mchango ni deni linalozunguka. Aliyekuwa akitoa 50,000 kwa wenzake miaka yote anangoja siku ambayo nao watamtolea yeye, na akiona mtoto wa kaka yake kazaliwa anaona zamu yake imefika. Ukimwambia "sitaki sherehe", yeye anasikia "pesa zako zimepotea". Ndiyo maana atapigana.

Kwa hiyo msibishane naye juu ya furaha. Bishaneni juu ya gharama, na mbishi awe Salim, kwa kuwa ni dada yake. Amwambie kwa maneno mafupi: akika ni yangu mimi baba, nitachinja ninachoweza, nyumbani, na sitamalizia shilingi hata moja ya ukumbi. Mke wangu ana mshono, hatabadilisha nguo mara tatu, hata mara mbili. Mtoto hatoki kwenda ukumbini. Picha zake zitolewe kundini leo. Asiongeze maelezo, maana kila neno la ziada ni mlango wa mjadala. Kama wifi anataka karamu ya kurudishiwa michango yake, afanye siku nyingine, kwa jina lake na mfuko wake, na nyie mtaalikwa kama wengine. Waliokwisha kutoa kwa ajili ya ukumbi warudishiwe au waulizwe kama wanakubali pesa yao inunue mchele wa siku ya nyumbani. Waulizwe kweli, mmoja mmoja, na orodha iwekwe wazi. Kianzio cha ukumbi kikipotea, kimepotea kwa aliyekilipa.

Na mama mkwe mpeni maulidi. (Wapo wasioyasoma, najua, nao wana hoja zao, kwenu naona yanasomwa.) Mpeni uani kwake, achague yeye msomaji wa Barzanji, kile kitabu cha maulidi, aalike wazee wenzake Mzee Omari. Wafikapo kwenye kiamu, watu wakasimama na mrashi ukapita, Salim amlete mtoto, jina litajwe mbele ya watu na dua isomwe. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyatamani tangu siku ile mlangoni. Ukimpa hilo, binti zake watabaki kundini peke yao na keki yao ya ghorofa mbili, kwa sababu mwenye nyumba kesharidhika.

Siku yenyewe ichagueni kwa kuangalia kadi ya kliniki, si kalenda ya mshereheshaji. Chanjo ya wiki 6 inaangukia siku ya 42, karibu kabisa na arobaini, na watoto wengi hupata homa kidogo baadaye na kulia usiku mzima. Kipindi hicho hicho nawe unatakiwa kuonekana na mkunga, mshono utazamwe. Ama muwahi kabla ya chanjo, ama muiache ipite siku kadhaa. Mimi ningeiacha chanjo ipite kwanza, bila wasiwasi.

Asubuhi ndiyo nzuri, kabla ya jua kali. Nywele zinyolewe na mtu mwenye mkono mtulivu, kwa wembe mpya uliofunguliwa hapo hapo, na si shangazi yeyote anayejitolea kwa kuwa kaja mapema. Zipimwe kwenye mizani ya sonara na thamani ya madini ya fedha (silva) ya uzito huo itolewe sadaka. Nywele za mtoto mchanga ni nyepesi mno, hamtalipa cha kuwaumiza. Chetezo cha udi kikae mbali na mtoto. Kifua chake bado kichanga na moshi haujui kuwa ni wa heri. Mwenye mafua amtazame kwa mbali, na kumbusu usoni marufuku, hata kwa aliyetoka Dar es Salaam na zawadi kubwa. Wewe kaa chumbani na mtoto, watu waingie wachache wachache, na umteue mtu mmoja wa upande wako, dada au rafiki, kazi yake iwe kusema "sasa anyonye" na kufunga mlango.

Nyama ya akika ni vizuri itolewe ikiwa imepikwa, si mbichi kama ya kuchinja Idd. Kwa Shafi inapendeza mifupa isivunjwe, mnyama akatwe kwenye viungo, kwa kumtakia mtoto usalama wa viungo vyake. Mwambieni mchinjaji mapema, kwa sababu akishashika shoka haulizi. Vitabu vinapendekeza pia mguu mmoja apewe mkunga. Siku hizi mkunga ni muuguzi wa zamu ambaye hata jina lake hamkulishika, lakini kama mnamkumbuka, sahani ya pilau yenye paja ingemshangaza.

Wenzako wa kazini waalike. Jirani asiye Mwislamu kula nyama ya akika hakuna tatizo kwa wanazuoni wengi, na wifi yako hana mamlaka ya kufunga mlango ambao dini haikuufunga. Wape saa ya chakula badala ya saa ya kisomo ili wasikae muda mrefu wasijue wafanye nini, wanawake waambie waje na mtandio au kanga, na kuhusu zawadi wajibu kwa ukweli: sabuni, nepi, doti ya kanga. Wakitaka kukutunza bahasha, pokea na uweke mwenyewe. Hiyo ni ya mzazi, haiingii kwenye hesabu za kamati.

Mbuzi, mchele, viungo, msomaji na wapishi wa mtaani: Salim akae na mama yake wapige hesabu hiyo kwa kalamu, kabla ya wiki kwisha. Ikizidi kilichopo mfukoni, punguzeni watu, si mbuzi.

Na waliokwisha kununua kitenge wasikitupe. Waje nacho uani, wakivalie kuosha masufuria.